Habari ya Kufunga na Kuomba: Twafanya kwa Ajili ya Nani?

Somo: Mathayo 6:1–18



Kila mwaka Kwaresima ikikaribia, katika sharika zetu za Nyakato na za mwambao wa ziwa twaulizwa maswali yale yale. Je, Mlutheri yampasa kufunga? Afunge siku ngapi? Anywe maji au asinywe? Maswali hayo yana majibu mafupi, nayo tumekwisha kuyatoa mara nyingi. Lakini safari hii limetujia swali la namna nyingine. Mama mmoja alimwendea mwinjilisti wake, akamwambia hivi: "Mwalimu, mimi nimeacha kufunga. Nilipokuwa nikifunga, niliona moyoni mwangu ya kuwa napenda watu wajue. Basi nikafunga kwa siri, hata mume wangu asijue. Ndipo nikaanza kujisifu mwenyewe kwa kuwa nimefunga kwa siri. Nimeona heri niache kabisa, nisije nikawa mnafiki." Mwinjilisti akakosa la kumjibu, akatuletea neno hilo. Sisi twaliona kuwa zito kuliko habari ya maji na hesabu ya siku, nasi twataka kulitazama polepole, pamoja nanyi.

Tuanze na somo lenyewe. Bwana Yesu anataja mambo matatu: sadaka, sala, na kufunga. Hasemi kwamba wanafunzi wake huenda wakafanya hayo. Anasema kama mtu ajuaye ya kuwa watayafanya. Kisha kwa kila jambo anawaonyesha watu wanaolitenda ili watazamwe, naye anatoa hukumu ile ile mara tatu, kwamba hao wamekwisha kulipwa. Neno lililoandikwa hapo kwa Kiyunani ni neno ambalo wafanya biashara wa zamani zile walikuwa wakiliandika katika stakabadhi zao, maana yake, nimepokea yote, hakuna deni tena. Twalijua jambo hili sisi tuendao madukani. Mtu akinunua mabati pale Buzuruga, akalipa fedha yake, akachukua mabati na stakabadhi yenye mhuri, je, atarudi kesho kudai mabati mengine kwa fedha ile ile? Watamcheka. Basi mtu aliyeomba kwa sauti kubwa ili watu waseme, "Huyu anajua kuomba," na watu wakasema hivyo, amekwisha kupewa stakabadhi yake. Hili ndilo linalotutisha katika somo hili. Bwana hasemi kwamba mnafiki anakosa alichokitaka. Anakipata, chote kamili, wala hakuna kingine kinachomngoja.

Wayahudi wa siku zile waliamriwa na Torati siku moja tu ya kujitesa kwa kufunga katika mwaka, ndiyo siku ya upatanisho, kama tusomavyo katika Walawi 16. Mafarisayo walizidisha, wakafunga mara mbili kwa juma, Jumatatu na Alhamisi. Na siku hizo zilikuwa ndizo siku za soko, watu wa mashamba walipoingia mjini. Sisi hatusemi kwamba siku hizo zilichaguliwa kwa ajili ya watazamaji. Lakini mwenye kupenda kutazamwa alipata watazamaji wa kutosha. Baadaye kidogo Wakristo wa kwanza wakaandika kitabu kiitwacho Didake, yaani mafundisho ya mitume, na humo wakaagizwa wasifunge siku moja na wanafiki, bali wafunge Jumatano na Ijumaa. Twakubali ya kwamba agizo hilo lina historia yake njema, kwa maana Ijumaa ndiyo siku ya msalaba. Hata hivyo tukilisoma twatabasamu kidogo. Siku yaweza kubadilishwa kwa amri. Moyo haubadiliki kwa kuhamishwa kutoka Alhamisi mpaka Ijumaa.

Na sisi leo? Zamani Farisayo alipaswa kwenda mpaka pembe ya njia. Siku hizi mtu hupiga picha Biblia yake iliyofunguliwa, na glasi ya maji kando yake, akaituma kwa simu kwa watu 200 kabla hajasema Amina. Wengine hutangaza mfungo wao kwa namna ya kuomba waombewe. Hatutaki kumhukumu mtu kwa jina, wala kusema kwamba kila anayetangaza ibada ya kufunga ana kosa; kanisa likifunga pamoja ni lazima siku itangazwe. Twasema tu kwamba watazamaji wamekuwa wengi, nao wako mfukoni mwetu.

Hapo tukumbuke kazi ya jirani zetu wavuvi. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi watumia taa za betri na za nguvu ya jua. Dagaa huiona nuru, huisogelea, hukusanyika na kuzunguka chini yake, na wavu huwachukua. Lakini mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wengi hupumzika, wakapandisha mitumbwi yao mchangani, wakashona nyavu. Kwa nini? Kwa sababu nuru ya mwezi imejaa juu ya ziwa lote, na taa imepoteza nguvu zake. Dagaa hawakuonywa na mtu, wala hawakuweka nadhiri ya kutoitazama taa. Wanayo nuru nyingine, iliyo kubwa zaidi.

Sifa za watu ni kama karabai ile. Haifai kumwambia mtu aliye gizani, "Usiitazame taa!" Ataitazama. Tena kadiri anavyojikaza asiitazame, ndivyo anavyozidi kuifikiri. Ndiyo sababu Bwana Yesu hakuishia kuwakaripia wanafunzi wake juu ya kupenda sifa. Hesabuni wenyewe, mtaona ya kuwa katika aya 18 za somo letu amelitaja jina la Baba mara 10. Anawapandishia mwezi. Anawaambia habari za Baba ambaye huona mahali pasipo mtu, naye ajua haja zetu kabla hatujafumbua kinywa. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba macho hayo yanamtazama kwa upendo, njaa yake ya macho mengine hupungua. Hatusemi hutoweka. Hupungua.

Kuna nia nyingine iliyo mbaya pia, nayo haitafuti watazamaji hata kidogo. Mtu hujifungia, hafungui kinywa chake kwa yeyote, hafurahii sifa. Lakini anafunga kama mtu anayelipa. Husema moyoni, "Nimekaa siku 7 bila chakula, sasa Mungu hana budi kunipa." Hiyo ni biashara. Tusiichanganye na maombi ya mwenye shida. Siku ya 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, mamia ya watu walipotea, na wengi wao wamezikwa hapo Igoma, jirani zetu. Watu waliosimama pwani siku zile wakilia kwa Mungu kwa ajili ya ndugu zao hawakuwa wakifanya biashara. Mtoto anayelia kwa sababu ana njaa hampi babaye rushwa. Omba kazi, omba mtoto, omba afya. Bwana ametuamuru kuomba hata mkate. Lakini njaa ya tumbo lako si fedha, na Mungu hana duka.

Biashara hii huua, nasi hatusemi kwa mfano. Mgonjwa wa kisukari aliyepewa dawa na waganga wa Bugando, au mtu ameaye dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI kila siku, akiambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, akaziacha ili mfungo wake uwe mkamilifu, huyo yumo hatarini, na aliyemshauri amechukua mzigo mkubwa mbele za Mungu. Waalimu, wainjilisti, jambo hili lisemeni wazi kanisani. Mgonjwa, mjamzito, na anyonyeshaye na ale, ameze dawa yake, aombe. Akitaka kuacha kitu kwa ajili ya Bwana, yako mambo mengi ya kuacha yasiyo chakula.

Manabii nao walilijua jambo hili. Katika Zekaria sura ya 7 watu walikuja kuuliza kama waendelee na mfungo wa mwezi wa tano, waliouweka tangu Yerusalemu ilipoteketezwa. Walikuwa wameufunga miaka 70. Bwana hakuwajibu ndiyo wala siyo. Aliwauliza kama kwa miaka ile yote walikuwa wamefunga kwa ajili yake. Na Isaya katika sura ya 58 aliwaona watu walioinamisha vichwa kama matete, huku siku ile ile ya mfungo wakiwakandamiza wafanya kazi wao. Sisi tukaao Nyakato, mahali pa viwanda na karakana, yatupasa kuisoma sura hiyo taratibu. Mwenye kuajiri aliyefunga siku 40, na vibarua wake hawajalipwa, amewafungisha na wao, tena bila kuwauliza. Kadhalika mama afungaye na kuomba usiku kucha, na msichana wa kazi jikoni mwake hajaona mshahara miezi mitatu. Huyo mama aanze na mshahara. Mfungo waweza kungoja. Msichana yule amengoja vya kutosha.

Sasa twaja kwa Martin Luther, maana wengine hudhani kwamba yeye alikataza kufunga. Mwaka 1505 aliingia katika nyumba ya watawa huko Erfurt. Alifunga, alikesha, alijitesa kwa baridi, hata baadaye alisema kwamba alikuwa ameuharibu mwili wake. Hakutafuta sifa za watu. Alifunga kwa sababu alimwogopa Mungu kama mdai asiyetosheka. Alipokuja kufahamu kwamba haki ya Mungu ni zawadi apewayo mwenye kuamini, hakuutupa mfungo, bali aliuweka mahali pake. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo watoto wetu wa kipaimara hujifunza, anasema kwa habari ya Meza ya Bwana kwamba kufunga na kuutayarisha mwili ni zoezi jema la nje. Lakini astahiliye kweli ni yule aaminiye ahadi ya ondoleo la dhambi. Zoezi jema: si zaidi ya hapo, wala si pungufu.

Yeye huyo aliwahi kuandika kitabu kidogo kwa ajili ya kinyozi wake, jina lake Peter, aliyemwomba amfundishe kuomba. Kilitoka mwaka 1535. Humo anamwambia kwamba kinyozi mwema huweka macho na akili yake katika wembe na nywele. Akizungumza huku akitazama huku na huku, atamkata mtu pua, au hata koo. Ndivyo na sala itakavyo mtu mzima. Tunapenda mfano huo, na vinyozi wa Mabatini wataufahamu bila maelezo. Lakini watu wachache hujua yaliyofuata. Mwaka ule ule, mbele ya Pasaka, Peter yule, akiwa mezani na jamaa zake, amekunywa, alimchoma mkwewe kisu akamwua. Luther alimwombea huruma, na Peter akafukuzwa mjini, akapoteza nyumba na mali. Kwa nini twasimulia habari hiyo ya huzuni? Kwa sababu mtu aweza kuwa na kitabu kizuri cha sala kuliko vyote, tena kilichoandikwa kwa ajili yake, na moyo wake bado ukawa na chumba kimoja ambacho hajamfungulia Mungu.

Habari za vyumba vya moyo hutukumbusha jambo lililotokea ng'ambo ya ziwa letu. Wazee wengi wa sharika zetu za hapa walikuja kwa meli kutoka Buhaya, walikozaliwa katika kanisa la Kilutheri lililoanzishwa na wamisionari wa Betheli mwaka 1910, nao walisimuliwa na wazazi wao habari za Uamsho. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe huko Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Rwanda, walikaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Katika miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, ukavuka mpaka ukaingia Buhaya. Watu walisimama mbele ya wenzao, wakaungama dhambi zao kwa majina. Tena hawakuishia kusema. Walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni, walikwenda kwa maadui zao kuomba radhi. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, Mwafrika wa kwanza katika kazi hiyo, alikuwa mmoja wa watu wa Uamsho huo.

Twamshukuru Mungu kwa moto ule. Nao wenye kuupenda walikiri pia kwamba palikuwa na hatari yake. Mahali pengine ushuhuda wa wazi ulifanywa kuwa kipimo. Asiyesimama kuungama mbele ya ndugu alihesabiwa hajaokoka, na ugomvi ukaingia makanisani. Na pale ambapo kuungama kunampatia mtu heshima, moyo wa mwanadamu, ambao ni mwerevu, utajifunza kuungama vizuri.

Hebu tulitafakari hilo. Mnafiki huficha dhambi zake na kuonyesha mema yake. Watu wa Uamsho waligeuza: dhambi waliitoa nje, na mema wakamwachia Mungu. Ni mageuzi makubwa, nasi twayahitaji. Lakini hata dhambi iliyoungamwa yaweza kutengenezwa ikawa pambo. Ndiyo maana sisi twaona kwamba ushahidi ulio hodari zaidi wa siku zile haukuwa machozi ya mkutanoni, bali vile vitu vilivyorudishwa. Mtu anayebeba jembe la wizi na kulipeleka kwa mwenyewe, anapita peke yake njiani, na anayemwona ni yule mwenye jembe tu, ambaye huenda akamtukana.

Basi turudi kwa mama yule. Kwanza twamwambia kwamba macho yake yanaona vema. Si kila mtu aonaye kiburi katika mfungo wake. Wengi hufunga miaka 20 wasikione. Lakini dawa aliyoichagua haiponyi. Kama tukiacha kila jambo jema ambalo kiburi kimechanganyika nalo, kwaya zitanyamaza Jumapili hii, sahani ya sadaka itabaki tupu, wahubiri watashuka mimbarani, na gazeti hili halitachapwa. Tena mama, angalia: aliyeacha kufunga ili asiwe na kiburi, kesho aweza kumshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama wale wafungao. Farisayo wa Luka 18 ameingia kwa mlango wa nyuma.

Usingoje mpaka moyo uwe safi ndipo ufunge, maana hutafunga kamwe, wala hutaomba. Funga na moyo huo huo uliochanganyika, umpelekee Baba, umwambie, "Bwana, katika mfungo huu mmo na majivuno, nisamehe dhambi zangu, na mfungo wangu pia." Sala yetu nayo yahitaji damu ya Kristo. Hakuna aliye mbele ya Mungu kwa sababu nia yake ilikuwa nyeupe; yuko pale kwa sababu ameitwa, na kwa ajili ya Kristo amepokelewa. Mtu akilijua hilo, aweza hata kujicheka kidogo akijikuta anajisifu, kisha akaendelea kuomba.

Na chumba cha ndani, je? Wapangaji wengi hapa Nyakato wana chumba kimoja, na humo mna kitanda, jiko la mkaa, magunia, na watoto wanne. Neno la Kiyunani lililotumika hapo ni neno la ghala, mahali pa kuwekea unga na mafuta. Hivyo Bwana hakuwaza chumba cha fahari. Aliwaza mahali pa magunia, na magunia mnayo. Twawajua akina mama waombao saa 10 za usiku wakiwa wamejifunika kanga kichwani, watoto wamelala, na wanaume wapandao kwenye miamba ya vilima vyetu kabla ya jua kuchomoza. Wengine huomba wakiwa wamesimama ndani ya daladala kutoka Igoma mpaka mjini, midomo haitikisiki.

Sasa chakula kile ambacho hukukila. Katika karne ya 2 Mkristo mmoja wa Rumi aliandika kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, na humo imeagizwa kwamba siku ya kufunga mtu ahesabu gharama ya chakula ambacho angekila, ampe mjane, au yatima, au mhitaji. Twaliona agizo hilo kuwa zuri, kwa sababu lauondoa mfungo tumboni mwetu na kuuweka katika sufuria ya mtu mwingine. Mama, siku ya Jumatano wapikie watoto kama desturi. Sahani yako ya ugali na dagaa mpelekee bibi yule wa chumba cha mwisho, ambaye hajui kama ni siku ya mfungo, wala hana haja ya kujua.

Wainjilisti wengine wameuliza, mtu afanyeje akikaribishwa chakula siku ile, aseme uongo kwamba ameshiba? Asiseme uongo. Watawa wa jangwa la Misri katika karne ya 4, waliofunga kuliko sisi sote, walikuwa wakiuvunja mfungo mgeni alipowafikia, wakala pamoja naye. Basi ukikuta jirani amekwisha kutandika mkeka na kunawisha watu mikono, keti, ule naye, umshukuru, na mfungo wako uuweke siku nyingine ya juma.